Mkono Ulioinua Shuka

Binti aliivua sare yake, akaikunja vizuri kama alivyofundishwa, akaiweka juu ya cherehani ya mama yake na kusema kwamba hataivaa tena.

"Imekubana?" mama aliuliza bila kuinua uso, maana alikuwa na pini mbili mdomoni.

"Haijanibana."

"Imechanika?"

"Mama, mimi sirudi shule."

Mama alizitoa pini mdomoni na kuzichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake. Mtaa mzima ulimwita Mama Sare, kwa kuwa ndiye aliyewashonea watoto wa shule ile. Hapakuwa na mtoto ambaye hakuwahi kusimama mbele yake, mikono ameinyoosha, akapimwa mabega na kiuno. Walimjua kwa uso kama walivyomjua mwalimu mkuu, nao walimwamkia njiani. Umaarufu huo mdogo aliutunza. Hakujua kwamba siku moja ungemtia aibu.

"Wamekuona," binti alisema. "Kwenye Makumbusho ya Sanaa. Wanasema wamekutundika ukutani."

"Wamenitundika mimi? Nimekuwa koti?"

Binti hakucheka. "Picha yako, mama. Mtoto wa mfamasia alipelekwa na baba yake Jumapili. Anasema ni wewe, umelala chini hospitalini, unazaa. Anasema hukufunikwa kitu. Ameniuliza kama mimi ndiye niliyekuwa njiani. Sasa darasa zima wananiita Sakafu. Mwalimu akiita majina, wananong'ona: Sakafu yupo. Na kesho asubuhi ndiyo siku yetu ya kwenda huko. Darasa zima."

Mlangoni alikuwa amesimama baba yake, mwashi, ambaye wenzake kazini walimwita Chokaa. Alikuwa akinawa mikono kwenye ndoo. Maneno ya mwanawe yalipofika pale, aliacha kunawa, mikono ikabaki ndani ya maji.

"Watoto wana maneno," alisema taratibu. "Wanawake wanaofanana ni wengi."

"Wanaofanana nami na waliozalia chini?" Mama Sare alimgeukia. "Wewe ulikuwapo. Mimi nilikuwa sijui hata niko dunia gani. Nieleze tena yaliyokuwa siku ile."

"Nimekueleza mara ngapi? Wodi ilijaa, wanawake wawili wawili kitandani. Ukawekwa ukumbini. Mimi nikakufunika kwa shuka nililotoka nalo nyumbani."

"Muda wote?"

"Nilikuwa nimelishika kwa mikono yangu."

Kwa miaka kumi na miwili mwanamke yule alikuwa ameishi na shuka hilo. Alizaa chini kama mnyama, ndiyo; wauguzi walimruka kama wanavyoruka dimbwi, ndiyo; ila hakuna aliyemwona, kwa kuwa mumewe alimsitiri. Kila alipomkasirikia, na alimkasirikia mara nyingi, maana mume huyo alikuwa mtu wa kuinamia kila mtu, alilikumbuka shuka lile na hasira ikapungua.

"Basi twende tukaone," alisema. "Leo Alhamisi hawafungi mpaka saa mbili usiku, tena hawatozi kiingilio."

"Leo leo? Tungengoja kwanza. Nimwombe msimamizi wangu pale kazini, yeye anajuana na watu, huenda akatuulizia."

"Utavaa viatu au utakwenda pekupeku?"

Chokaa alivaa viatu. Binti naye alivaa. Mama yake alimwambia abaki, naye akajibu kwamba wenziwe watakaoiona kesho watakuwa arobaini, na yeye hataki kuwa wa mwisho. Wakatoka wote watatu.

 

Ngazi za makumbusho zilikuwa pana na zimemulikwa kwa chini, hivyo kila aliyepanda alionekana mrefu kuliko alivyo. Mlinzi alisimama mlangoni katika suti ya kampuni, iliyomzidi mikono. Mama Sare aliliona kosa hilo kabla hajauona uso wake. Watu waliowatangulia, mwanamume na mwanamke waliokuwa wakizungumza habari za likizo, aliwaambia, "Karibuni." Wao watatu aliwauliza, "Mnamtafuta nani?"

"Shikamoo, mkubwa," Chokaa alisema, kofia tayari mkononi, ingawa mlinzi yule angeweza kuwa mwanawe. "Samahani sana."

"Mafundi wanapitia nyuma, mzee. Na saa hizi ofisi imefungwa."

"Hatukuja kutengeneza kitu," Mama Sare alisema. "Tumekuja kutazama picha. Au leo kuna watu maalumu wa kutazama?"

Mlinzi aliwapima kwa macho, kuanzia viatuni. "Piteni. Ila tazameni kwa macho. Hakuna kugusa. Msivuke kamba. Na mtoto umshike mkono."

"Mtoto ana miaka kumi na miwili."

"Umshike tu, mama."

Alimshika. Walipita chumba cha vinyago, wakapita chumba cha vyungu vilivyovunjika na kuunganishwa upya, na kote Chokaa alitembea kwa ncha za viatu, kana kwamba sakafu ilikuwa bado mbichi. Walipoingia chumba cha tatu hawakuhitaji kuuliza.

Picha ilijaza nusu ya ukuta. Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, nayo ilikuwa kubwa kuliko mtu. Ilionyesha ukumbi wa hospitali, miguu ya mabenchi pande mbili, na katikati, chini, mwanamke aliyejiinua kwa viwiko, kichwa amekitupa nyuma na kinywa wazi. Yaliyoonekana chini ya kinywa hicho hayana haja ya kuelezwa hapa. Yameonwa na watu wa kutosha. Uso ulikuwa wake. Hapakuwa na la kubishana.

Chini yake palibandikwa kijibao kilichoandikwa: MAMA ASIYEJULIKANA. Binti alikisoma kwa sauti ndogo, kisha akaanza kutazama viatu vyake.

Mbele ya picha walisimama wale wawili wa likizo, bilauri za maji ya matunda mikononi.

"Tazama mwanga unavyoangukia lile goti," mwanamume alisema.

"Mimi nimeganda," mwanamke alijibu. "Maumivu, lakini yana heshima yake."

"Ukiwa nayo sebuleni utaweza kula kweli?"

"Utazoea. Kila kitu huzoeleka."

Mama Sare alisogea mbele mpaka kamba ikamgusa mapaja. Alitaka kuona kama kuna mahali, hata padogo, ambapo shuka lilikuwa limemfunika. Alisimama hapo akitafuta.

"Samahani, mama," mwanamke yule alisema kwa upole. "Umetuzibia picha."

Mama Sare aligeuka. Uso uliokuwa ukutani na uso uliogeuka zilikuwa hatua chache kutoka kwa macho ya mwanamke yule, mmoja juu ya mwingine, naye hakuona kitu. Alingoja tu apishwe.

"Nikupishe wapi?" Mama Sare aliuliza. "Nikikupisha hapa, pale nitabaki."

 

Aliyeitwa alikuwa mkurugenzi wa makumbusho, mwanamke mrefu mwenye shanga nene za mbao shingoni, aliyezoea kuzungumza kwa sauti ya chini ili watu wainame kumsikiliza. Mlinzi alikuwa amemnong'oneza kwamba kuna mama analeta maneno. Mkurugenzi alimtazama Mama Sare, akaitazama picha, akamtazama tena, na uso wake ukachanua.

"Ni wewe," alisema, akimshika mikono yote miwili. "Jamani, ni wewe mwenyewe. Hujui tulivyotamani kukupata."

"Mlinitafuta wapi?"

"Mpiga picha alisema haikuwezekana kukupata."

"Kila siku niko kibarazani kwangu na cherehani. Watoto wa mji huu wote wananijua. Alimwuliza nani?"

Mkurugenzi alitabasamu na kuliacha swali hilo lipite. "Tafadhali, nikutambulishe kwa wageni. Maneno mawili matatu tu. Ulijisikiaje siku ile, na unajisikiaje leo ukijiona hapa. Ingewagusa sana."

"Nataka iteremshwe."

"Pole sana, mama. Naelewa."

"Sijakuomba pole. Nimesema iteremshwe. Kesho asubuhi watoto wa darasa la mwanangu wanaletwa hapa. Watoto niliowapima viuno. Iteremshwe leo."

Wageni walikuwa wameanza kusogea, si karibu sana, umbali ule wa watu wanaotaka kusikia bila kuulizwa. Mkurugenzi alishusha sauti zaidi. Alieleza kwamba picha si mali ya makumbusho. Imeazimwa, na masharti ya kuazima hayaruhusu iondolewe ukutani kabla ya mwisho wa mwezi. Alieleza kwamba imepata tuzo. Alieleza kwamba ilipochapishwa, watu walilia, na hospitali ile ikaletewa vitanda.

"Vilikuja lini?"

"Mwaka uliofuata, nadhani."

"Kwa hiyo mimi nilizaa chini, wakapata vitanda wengine, yeye akapata tuzo, nyie mkapata wageni. Na mimi nikaandikwa sijulikani."

"Hilo tunaweza kulirekebisha," mkurugenzi alisema upesi, akifurahi kwamba hatimaye kuna jambo analoweza kulitoa. "Kijibao ni chetu. Nipe jina lako kamili, na kesho kabla hatujafungua litakuwa pale chini."

Mama Sare alimtazama kwa muda. Hakuona hila katika uso ule, na hilo ndilo lililomchoma. Mwanamke yule aliamini kwamba anatoa zawadi.

"Uniandike jina," alisema polepole, "chini ya hiyo, ili hata asiyenijua anijue?"

"Ni heshima, mama."

"Mpe mama yako heshima hiyo. Mtundike hapo, mwandike jina." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Aliniuliza? Huyo mwenye tuzo, aliniuliza? Nilikuwa na kinywa hicho wazi, alinisikia nikisema ndiyo?"

"Kwa kawaida mpiga picha huomba ridhaa. Alituambia familia iliridhia." Mkurugenzi alisogea kwenye kamba na kunyoosha kidole kwenye ukingo wa kushoto wa picha. "Tazama. Hakukufunua yeye. Mtu wako mwenyewe alimwinulia shuka."

Kweli, ukingoni palikuwa na mkono. Ulikuwa umekatwa na ukingo juu kidogo ya kifundo, nao ulikuwa umeinua pindo la shuka juu kabisa, kama mtu anavyofunua pazia. Ulikuwa na chokaa kavu mpaka kwenye pindo la mkono wa shati. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umepasuka katikati na kuota vibaya. Mama Sare alikuwa ameukata ukucha huo kwa mkasi wake wa kazi kila mwezi tangu alipoolewa.

Hakugeuka mara moja. Alipogeuka, Chokaa alikuwa ameficha mkono ule ndani ya kofia.

"Sema," alimwambia.

"Mama Sare, twende nyumbani tukaongee."

"Sema hapa hapa. Kila kitu changu kiko hadharani. Na chako kije."

Chokaa alizungumza akiitazama sakafu. "Asubuhi ile walitwambia mkaguzi atapita. Wauguzi walikuwa wakikimbizana kwa ajili yake. Akaja mtu, amevaa vizuri, ana kitambulisho kinaning'inia shingoni, na kamera. Mimi nikajua ndiye mkaguzi, anachukua ushahidi. Nikamfuata. Nikamwambia, mkubwa, tazama mwenyewe, tazama mke wangu anavyozalia chini kama hana mtu. Tupatie kitanda. Nikafunua ili aone."

"Ukafunua."

"Akasema, inua zaidi kidogo. Nikainua. Akasema asante sana. Akaenda zake." Aliuzamisha mkono zaidi ndani ya kofia. "Nikangoja waje na kitanda."

"Ukangoja mpaka lini?"

"Mpaka huyu akazaliwa."

Binti aliinua macho. "Baba, hukumwuliza yeye ni nani?"

"Mwanangu, mtu mwenye kitambulisho shingoni haulizwi na mimi."

Kulikuwa na mgeni mmoja aliyecheka kidogo, kisha akajifanya anakohoa. Chokaa naye alitabasamu, maana alikuwa amezoea kutabasamu anapochekwa. Tabasamu hilo lilimwudhi mkewe kuliko picha. Maisha yake yote alikuwa amemwona mume huyu akivua kofia mbele ya kila mwenye karatasi, kila mwenye funguo, kila mwenye gari. Akilipwa nusu ya mshahara na kusema asante, akisukumwa kwenye foleni na kusema samahani. Alimvumilia. Alijiambia kwamba siku moja tu, siku iliyokuwa na maana kuliko zote, alisimama kama mwanamume na kumfunika. Kumbe siku hiyo ndiyo aliyoinama kuliko siku nyingine zote.

"Na miaka yote hii ukanilisha maneno ya shuka."

"Nilikufunika baadaye. Haki ya Mungu, alipoondoka tu nilikufunika."

"Baadaye nilikuwa nimekwisha kuliwa kwa macho."

Mkurugenzi aliona kwamba jambo hili sasa limekuwa la mume na mke, akapata nafuu. "Njooni ofisini," alisema. "Tukae, tunywe chai, tuongee kwa utulivu. Kuhusu kesho, naweza kumwomba mwalimu asiwacheleweshe sana watoto katika chumba hiki."

"Asiwacheleweshe," Mama Sare alirudia. Kisha akaacha kabisa kumtazama. Alimtazama mumewe. "Wewe ndiye uliyefunua," alisema. "Funika."

"Nifunike na nini? Hatuna kitu."

"Sijui. Funika."

Chokaa alikitazama chumba. Kilikuwa kuta tupu na taa. Hapakuwa na pazia, wala kitambaa, wala kiti. Alimtazama mlinzi, akamtazama mkurugenzi, akamtazama binti yake, aliyekuwa akimtazama bila kupepesa. Kisha aliweka kofia yake chini, akainua mguu, akavuka kamba.

"Mzee, hairuhusiwi," mlinzi alisema.

"Najua, mkubwa."

Alifika ukutani, akageuka, akaegemeza mgongo wake kwenye picha, akatanua mikono. Alikuwa mtu mpana, kama watu wanaobeba mifuko ya saruji wanavyokuwa. Kichwa chake kilifika chini kidogo ya kinywa kile kilichofunguka, na kiwiliwili chake kikaziba yale ambayo hayajaelezwa.

Mlinzi aliruka kamba na kumkamata mkono. Chokaa hakumsukuma, alijikaza tu, na karatasi nyuma yake ikatoa mlio mdogo wa kukunjamana.

"Usimvute," mkurugenzi alisema, na kwa mara ya kwanza jioni ile sauti yake ilisikika mpaka chumba cha pili. "Utaichana. Mwache. Usimguse kabisa."

Mlinzi alimwachia na kurudi nyuma, mikono hewani, kama aliyeshika chuma cha moto.

"Mzee," mkurugenzi alisema, "tafadhali sana. Hiyo ni karatasi. Haina kioo. Jasho lako linaiharibu."

"Ninaona hivyo, mheshimiwa."

"Basi sogea."

Mwanamume huyu hakuwa amewahi kumkatalia mtu wa namna hii. "Sisogei."

Simu za wageni zilikuwa zimekwisha kuinuliwa. Mwanamke wa likizo alipiga picha, mumewe akapiga, na yule aliyecheka akapiga kwa kuchuchumaa ili apate ukuta wote. Mwanga mdogo mweupe ulimpiga Chokaa usoni mara ya kwanza, mara ya pili. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye paji mpaka machoni. Mtu yeyote angeinua mkono kujifuta, au kuuziba uso wake. Mkono wake wa kulia ulicheza kidogo begani, ukataka. Kisha ukatulia pale pale ulipokuwa, maana kama angeuondoa, mkewe angeonekana.

"Muda gani atakaa hapo?" mtu mmoja aliuliza.

"Mpaka kesho," binti alijibu, ingawa hakuulizwa yeye. "Wenzangu wanakuja saa nne."

Mkurugenzi alifunga macho na kuyafungua. Alimwita mlinzi pembeni, lakini chumba kilikuwa kimya mno na wote walimsikia. "Nenda kalete ngazi na wale vijana wa kutundika. Iteremsheni, ipelekwe stoo. Haitaonyeshwa tena mpaka mtaalamu aje aikague." Kisha, kwa wageni, akiwa ameirudia sauti yake ya chini: "Tunaiondoa kwa muda. Ni kwa usalama wa picha."

"Kwa usalama wa picha," Mama Sare alisema. Hakumwambia yeyote.

Mlinzi aliondoka mbio, viatu vyake vikigonga chumba baada ya chumba. Chokaa alikuwa amesikia. Mabega yake yalianza kulegea, na kwa mazoea ya maisha yake yote akamwelekea mkurugenzi. "Nitoke sasa, mheshimiwa?"

"Unamwuliza nani?" mkewe alisema.

Chokaa alimgeukia. Hapakuwa na msamaha katika uso ule, wala hakutazamia kuuona, si usiku ule, wala pengine mwaka ule.

"Nitoke, Mama Sare?"

"Mpaka hiyo ngazi ifike," alisema. Alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande, akamkagua kwa jicho lile lile alilokagulia pindo. "Na usogee kushoto. Goti linaonekana."

Chokaa alisogea kushoto.